Alipata, nikamwekea kosa

Shikamoo Mwalimu,

Safu yako nimeisoma tangu nikiwa chuo na sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningekuwa miongoni mwa wanaoandika. Naomba usitaje jina langu wala shule yangu.

Mimi ni mwalimu wa kiume, nina miaka 27, nafundisha kemia Kidato cha Tano na cha Sita katika shule ya binafsi ya bweni. Kwa madarasa hayo niko peke yangu, kwani mwenzangu alipata ajira serikalini akaondoka. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja. Huu wa sasa unaisha Juni.

Oktoba mwaka jana niliwapa PCB (wa fizikia, kemia na biolojia) wa Kidato cha Sita jaribio fupi la oganiki, kemia ya kaboni. Nilitaka molekuli wanayoijua kwa pua, nikachora yujenoli, ile inayoipa karafuu harufu yake. Niliichora kwa mistari mitupu bila kuandika kila kaboni na kila haidrojeni: pete yenye pande 6, kona moja ina OH, kona ya jirani ina OCH3, na upande wa pili wa pete unatoka mkia wa kaboni 3. Swali lilisema: taja aina na idadi ya bondi (vifungo) zote kati ya kaboni na kaboni. Maksi 6.

Mwongozo wangu wa kusahihishia ulikuwa mwepesi. Pete, dabo (mistari miwili) 3 na singo (mstari mmoja) 3. Mkia, ukianzia pale unaposhika pete: singo, singo, dabo. Jumla bondi 9, yaani singo 5 na dabo 4. Darasa lina wanafunzi 43, na wengi walipata au walikosa kwa hesabu tu. Binti mmoja, nitamwita N, aliandika hivi: "Bondi 9. Mkia: singo 2, dabo 1. Pete: 6 zinazofanana, si singo wala dabo, ziko katikati." Ndani ya pete hakuweka mistari yangu mitatu, alichora duara.

Nilimwekea kosa jekundu lililovuka duara lile lote. Nikampa 2.

Niliporudisha karatasi ilikuwa kipindi cha mwisho, jua kali, wote tumechoka. N akanyoosha mkono, akasimama, akauliza: "Mwalimu, kama ni dabo na singo kwa kupokezana, pande za pete si zingekuwa na urefu tofauti?" Sikuwa na jibu. Badala ya kusema sina jibu nikasema: "Haya jamani, tumepata profesa. Profesa N, njoo mbele utufundishe." Darasa zima likaangua kicheko. Yeye akabaki amesimama kidogo, kisha akakaa. Tangu siku ile wanamwita Profesa, mpaka kwenye foleni ya chakula, na si kwa heshima.

Siwezi kusema chuoni sikufundishwa. Nilifundishwa, nikakariri, nikafaulu, nikasahau, kisha nikarudi kwenye kile nilichotoka nacho Kidato cha Nne: mistari miwili ni dabo, basi.

Januari nikiwa naandaa somo la nishati nilikutana na mfano wa kuongeza haidrojeni. Saikloheksini, pete ya kaboni 6 yenye dabo bondi moja, inatoa nishati ya kilojuli 120 kwa moli. Benzeni, yaani pete ileile bila OH, OCH3 wala mkia, ingekuwa na dabo tatu za kweli ingetoa 360. Inatoa 208. Nikabaki natazama ile tofauti ya 152 kama mtu aliyeibiwa. Ukurasa uliofuata ukanimaliza: singo bondi ya kaboni ina urefu wa pikomita 154, dabo 134, na benzeni ni 139 pande zote sita. Swali la N lilikuwa limejibiwa pale, neno kwa neno.

Sasa sikiliza kinachoninyima usingizi. Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimesahihisha jaribio la pili. Swali ni lilelile, nimebadilisha tu molekuli nikaweka asidi ya benzoiki. N safari hii aliandika "singo 4, dabo 3". Hakuna duara. Nilimwekea tiki, maksi 6 kwa 6, na nadhani hata nilitabasamu. Sasa hivi anakaa nyuma karibu na dirisha. Nikimuuliza swali anasema, "Sijui, mwalimu," na najua anajua.

Nilimgusia mkuu wa shule kijuujuu. Akaniambia: "Mwalimu, watoto wana mtihani Mei. Ukisimama ukasema ulikosea, kesho wazazi wananipigia simu. Rekebisha kimya kimya." Na mkuu huyohuyo ndiye atakayesaini mkataba wangu. Mwenzangu wa fizikia, yeye anasema nijikaze nikaseme darasani, liishe.

Kwa miezi mitatu nimewafundisha uongo. Nikikiri, watanidharau na hawataniamini hata kwenye mambo niliyosema sahihi. Nisipokiri, nitamtazamaje N usoni mpaka Mei? Nisaidie, Mwalimu.

Mwalimu wa chaki,
Nyanda za Juu Kusini

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli. Nimechora yujenoli yako nyuma ya bahasha nikahesabu bondi moja moja. Kustaafu nimestaafu, mkono ndio unaogoma.

Wasomaji walioiacha kemia Kidato cha Pili wanivumilie kidogo, maana bila kujua hawa wawili waligongana wapi, barua yote itaonekana ni ugomvi wa maksi nne. Mstari mmoja kati ya atomi mbili kwenye mchoro ni jozi ya elektroni ambazo atomi hizo zinachangia. Hiyo ni sigma, imelala katikati yao moja kwa moja. Mistari miwili ni sigma moja na pai moja, na pai haikai katikati, inakaa juu na chini ya sigma. Mistari mitatu ni sigma moja na pai mbili. Hiyo utaikuta kwenye asetilini, gesi anayotumia fundi kuchomelea mageti. Mpaka hapo kuhesabu mistari kunatosha kabisa. Mambo yanabadilika ukifika kwenye pete ya benzeni (si benzini ya kwenye gari, jamani, kila mwaka kuna mtoto anayeniuliza). Kwenye pete ile, pai tatu hazikai kwenye pande tatu. Zimetandazwa pete nzima, juu na chini, kila upande umepata sehemu yake. Michoro miwili tunayochora, huu wenye dabo hapa na huu wenye dabo pale, si kwamba molekuli inarukaruka kati yake. Chai ya maziwa haiwi chai dakika hii na maziwa dakika ijayo. Ni chai ya maziwa muda wote. N aliiona hivyo, wewe siku ile hukuiona, na hilo tumelimaliza.

Nikikuelewa sawasawa, unanieleza mambo matatu uliyoyafunga kwenye furushi moja. Kuna kosa la somo. Kuna kicheko cha siku ile na jina la utani lililobaki. Na kuna hofu ya heshima na ya mkataba. Unataka neno moja litakalomaliza yote, ndiyo maana kila upande unaogeukia unaona ukuta. Mimi ningeyafungua furushi hilo kwanza.

Tuanze na lile unaloliita uongo. Neno hilo ni kubwa kuliko kosa lenyewe. Mkemia Mjerumani August Kekulé alipopendekeza pete ya benzeni mwaka 1865, aliipa dabo na singo kwa kupokezana kama wewe. Wenzake wakamkaba: kama ni hivyo, ukiweka bromini mbili kwenye kona mbili zinazofuatana, utapata vitu viwili tofauti, kimoja zimekaa pande mbili za dabo, kingine pande mbili za singo. Maabara ilikuwa inatoa kitu kimoja tu. Mwaka 1872 ikabidi aseme kwamba bondi hizo zinabadilishana nafasi. Ilikuwa 1929 ndipo mwanasayansi Kathleen Lonsdale, akiwa Leeds, Uingereza, alipopiga mionzi ya eksirei kwenye fuwele za heksamethilibenzeni (benzeni yenye CH3 kila kona) akaonyesha pete imelala bapa na pande zake ni sawa. Kwa hiyo swali la binti yako ni lilelile lililowahangaisha wakubwa kwa zaidi ya miaka 60. Sikuambii haya ili ujifiche nyuma ya Kekulé, kwani yeye hakuwa na kitabu chenye 139 kabatini.

Halafu mchoro wa mistari mitatu haujafa. Ungeuliza "taja idadi ya sigma na pai katika yujenoli", mchoro wako ungekupa sigma 24 na pai 4, na mtu wa duara naye angepata zilezile, pai 3 za pete na 1 ya mkia. Tunapofuata elektroni zinavyohama kwenye mmenyuko, mistari mitatu ni rafiki kuliko duara, kwa sababu duara halikuonyeshi jozi ipi imeondoka. Ulipotelea kwenye neno "aina". Ulichora vizuri, ukahesabu vizuri, kisha ukaamini kwamba mstari wa chaki ndio kitu chenyewe. Na hata N, ukitaka kubana kabisa, kwenye yujenoli pande sita hazilingani kwa kipimo cha mwisho, maana pete imebebeshwa OH, OCH3 na mkia. Zimepishana kidogo sana. Lakini hakuna hata moja iliyo singo wala dabo, kwa hiyo maksi zake ni zake.

Nakuuliza pia kuhusu hii "watanidharau". Umeipata wapi? Kwenye barua yote hujaniambia mwanafunzi hata mmoja aliyeonyesha dharau, umeniambia tu kwamba unaiogopa. Watoto wa Kidato cha Sita wana vitabu zaidi ya kimoja na wana kaka zao vyuoni. Inawezekana kabisa kuna wanne au watano wanaojua tangu Novemba, wanakutazama tu. Inawezekana pia hakuna anayejua, na wengi hawajali ilimradi maksi zipatikane. Hizo ni hali mbili tofauti, na kila moja inataka mwendo wake. Kabla ya kuamua lolote ningependa ujue uko kwenye ipi. Chungulia madaftari. Utaona nani ameanza kuchora duara kimya kimya.

Na ukimya wa N unausoma kama lawama. Labda ni lawama. Labda ni aibu ya jina lile, ambalo wewe ulilipanda kwa sentensi moja na wenzake wakalimwagilia. Labda ni hesabu tu: ameona jibu gani linalipa kwa mwalimu huyu, akalitoa. Hilo la mwisho ndilo lingenitia hofu kuliko yote, na nadhani wewe pia, maana tiki ile ya asidi ya benzoiki umeieleza kwa uchungu zaidi ya kosa la kwanza. Lakini hatujui, mwanangu. Hujamuuliza.

Nikusimulie langu, si kwa kujisifu. Kwa miaka 9 nilifundisha kwamba dabo bondi ya kaboni ina nguvu mara mbili ya singo. Mistari miwili, nguvu mara mbili, nani angebisha? Siku moja kijana mwembamba akaniletea jedwali la kitabu kilekile nilichokuwa nafundishia. Singo kilojuli 347, dabo kama 612. "Mwalimu, mara mbili ya 347 ni 694." Ile pai inashikilia kidogo kuliko sigma, ndiyo maana maji ya bromini yanaivunja upesi na kuiacha sigma salama. Nilikuwa nafundisha kwamba alkini, yaani molekuli zenye dabo ya kaboni na kaboni, huwahi kumenyuka, na bado nasema dabo ina nguvu mara mbili. Mambo mawili yasiyokaa chumba kimoja, na sikuwahi kuona. Nikamwambia kijana, "Asante, nitaliangalia." Mwaka uliofuata nikafundisha sahihi, kwa darasa jipya. Lile lake sikuwaambia neno.

Unajua kilichotokea? Hakuna. Walifaulu, wakaenda zao, hakuna mzazi aliyepiga simu. Mkuu wako wa shule hasemi upuuzi, njia yake inafanya kazi na mimi ni shahidi. Ila yule kijana hakuniletea tena karatasi yoyote. Huenda alikuwa na shughuli zake. Miaka imepita, na sura yake naikumbuka kuliko za waliopata daraja la kwanza.

Sasa njia zako. Ukifuata ya mkuu, unayo nafasi nzuri kabisa mbele yako: hilo somo la nishati. Unaandika 120, 360 na 208 ubaoni, unawaacha watafute 152 imekwenda wapi, wanafika wenyewe. Somo litanyooka bila wewe kutaja Oktoba. Hatari yake iko kwenye madaftari 43 yenye hadithi mbili, na mtoto wa katikati, yule asiye N wala asiye mzembe, atakaa kwenye chumba cha mtihani asijue ni ipi ya kufuata. Hatari nyingine ni kwamba N atajua umejua. Atakuona ukifundisha jibu lake kwa sauti yako mwenyewe, na jina la Profesa bado liko kwenye foleni ya chakula.

Njia ya rafiki yako wa fizikia inanivutia kwa moyo, na inanitisha kidogo kwa akili. Mwalimu kusimama na kusema "swali la 4 la Oktoba nilisahihisha vibaya, leteni karatasi" si jambo la ajabu, mbona maksi za kujumlisha vibaya tunarudisha kila siku. Ukilisema hivyo, kwa sauti ya kazi, linapita. Ukilisema kwa kujipigapiga kifua, unawatwisha watoto mzigo wa kukubembeleza wewe. Na mfikirie binti. Siku ile ulimsimamisha mbele ya watu bila kumuuliza. Ukimsimamisha tena ili umsifu, bado hujamuuliza. Kuna watoto wangefurahi. Kuna wengine wangetamani sakafu ipasuke, na jina la Profesa lingepata maisha mapya. Yeye ni wa aina gani? Mimi simjui, wewe umefundisha darasa lake tangu Kidato cha Tano.

Ya tatu ni kuonana naye kwanza. Hapo nakuomba kitu kimoja kama mama: wewe ni kijana wa kiume, yeye ni binti wa bweni. Iwe barazani nje ya ofisi ya walimu watu wakipita, au matroni awepo jirani, mchana, na iwe fupi. Unaweza kumwambia alichopatia, unaweza kumwambia kicheko kile hakikustahili, unaweza kumuuliza angependa darasa liambiwe au lisiambiwe. Upungufu wake ni kwamba kosa lilifanyika mbele ya watu 43 na samahani inatolewa mbele ya mmoja. Kwa wengine inatosha kabisa. Wengine huiona kama deni lililolipwa gizani. Na ukimuuliza, uwe tayari kwa jibu lolote, pamoja na "Hakuna tatizo, mwalimu" linalosemwa huku macho yako chini.

Kuna pia suala la maksi, ambalo umelipita haraka. Zile 4 za Oktoba ni zake. Kama jaribio lile linaingia kwenye alama za maendeleo, kuzirudisha kunapitia kwa mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo na alama, naye ataongea na mkuu. Kwa hiyo "kimya kimya" huenda usiipate hata ukiitaka. Na la asidi ya benzoiki je? Kwa mantiki hiyohiyo alipewa maksi kwa jibu lenye kasoro uliyomfundisha wewe. Mimi nisingemnyang'anya. Lakini wengine wote waliopata swali la Oktoba kwa njia yako nao wamo kwenye hesabu hiyo, na sidhani kama kuna njia safi ya kulitatua. Labda ni kulifuta swali lote kwa wote, labda ni kumwongezea yeye na kuwaacha wengine na walichopata. Ongea na mtaaluma kabla hujaahidi chochote darasani.

Kuhusu mkuu wako, alikujibu ulichomuuliza. Ulimgusia kijuujuu, umesema mwenyewe, naye akakujibu kijuujuu. Alisikia "mwalimu atasema hajui kemia". Hakusikia habari ya mtoto aliyechekwa akanyamaza. Sijui angesemaje akiisikia yote, na mkataba ni mkate, sikudharau kwa kuuhofia. Ukiona kwenda kwake tena ni hatari, usiende mikono mitupu. Nenda na mpango wa somo: vipindi viwili, bondi za pete, maswali ya marudio, na sentensi moja utakayoisema kuhusu jaribio la Oktoba, imeandikwa, aione. Wakuu wengi huogopa hotuba, mpango hawauogopi.

Ukifika kwenye kulifundisha upya, lolote utakaloamua kuhusu mengine, usibaki kwenye benzeni peke yake. Wape sodiamu ethanoeti, chumvi ya asidi ya siki: waambie waainishe bondi mbili za kaboni na oksijeni kwenye ioni yake ya ethanoeti. Watakuambia moja dabo moja singo, kwani ndivyo inavyochorwa, na zote mbili zina urefu mmoja. Kisha wape parasetamoli, kidonge wanachokimeza kila wiki. Kati ya kaboni yenye dabo ya oksijeni na ile naitrojeni kuna mstari mmoja tu, singo safi kwa macho, lakini urefu wake ni kama pikomita 133 wakati singo ya kawaida ya kaboni na naitrojeni ni 147. Hapo wataona wenyewe kwamba kuhesabu mistari ni kazi ya kwanza, na baada yake inabidi utazame jirani wa mstari ni nani. Na usishawishike kuwaonyesha kwa mafuta ya karafuu na maji ya bromini. Inapendeza kuona rangi ikipotea, ila haitakuambia kitu: mkia unakula bromini, na pete yenye OH nayo inakula. Benzeni yenyewe usiiguse kabisa, inasababisha saratani. Hesabu za ubaoni zinatosha.

Sikupi hukumu, na nadhani hukuandika ukiitafuta. Mtu anayetaka kuambiwa "nyamaza" angebaki na jibu la mkuu wake, na anayetaka kuambiwa "sema" anaye mwalimu wa fizikia. Wewe umekaa katikati yao tangu Januari, kama zile pande sita, na si lazima iwe udhaifu. Unapima.

Ila kuna kitu hukuniambia, na nimekitafuta kwenye barua mara zote mbili. Ile karatasi ya Oktoba, yenye duara na kosa jekundu juu yake: N anayo, au alikurudishia? Ukiniandikia tena, anza na hapo.

Mwalimu wako mstaafu